Gurudumu Linaloelekea Mto

Jumanne, 9 Juni 1964

Ukungu mzito asubuhi. Mto haukuonekana, sauti tu, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Baiskeli za kivukoni zilisimama ndani ya weupe ule kama kundi la wanyama waliosahau njia ya nyumbani. Ya mwanangu Nassoro ipo, nguzo ya tatu, mahali pake. Nikapangusa umande kwenye usukani kwa ncha ya kitenge, kama kila siku, nikapandisha zangu kuelekea kijijini.

Ndipo nikaona karatasi kwenye ukuta wa konsey, baraza letu la kijiji. Taipu mpya, muhuri wa zambarau. Sheria ya maegesho ya kijiji! Kifaransa juu, Kiswahili chini — Kiswahili cha mtu aliyekiokota ndani ya kamusi. Ibara ya kwanza: kuanzia tarehe mosi Agosti ni marufuku kuacha baiskeli kivukoni. Ya pili: zote ziwekwe ndani ya uzio nyuma ya ofisi. Ya tatu: zipangwe mistari, gurudumu la mbele lielekee barabara. Ya nne nimeisoma mara tatu. Baiskeli itakayokaa siku thelathini bila mwenyewe itahesabiwa imetelekezwa, na jina la mwenyewe litapelekwa kwa wakubwa mjini, ng'ambo.

Siku thelathini. Mwanangu amevuka mto miezi minane sasa, hajarudi.

Konsey isiyoweza kuchimba choo cha soko tangu uhuru imegundua maegesho. Nitawajibu. Karatasi ninazo, wino ninao.

Alhamisi, 11 Juni

Barua mpaka adhuhuri. Kurasa sita. Nilianza na mapinduzi ya Wafaransa, nikakata. Nikaanza na haki za binadamu, nikakata. Mwishowe nikaandika jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua na hakuna aliyewahi kuliandika.

Kwamba anayevuka kwenda mjini huacha baiskeli yake gurudumu la mbele likielekea mto. Kwamba akirudi, kitu cha kwanza anaigeuza, gurudumu barabarani, hata kama atakaa kwanza kwa Sikujua, muuza samaki wa kivukoni, ale. Mke akipita anaona: bwana amerudi, niweke sufuria. Kwamba mkono wa mwingine haugeuzi, ila siku moja tu — mtu akifia ng'ambo, ndugu yake huja kuigeuza, na hapo kilio kinaanza. Kwamba kivuko ni gazeti letu, la watu wasiojua kusoma na la sisi tunaojua. Mnataka kulifungia gazeti ndani ya uzio?

Nimeridhika na sentensi hiyo ya mwisho. Nikaisoma kwa sauti peke yangu jikoni, mkono juu, kama mwaka wa sitini.

Sikuandika lolote juu ya ibara ya nne. Kalamu ilifika pale ikasimama.

Jumapili, 14 Juni

Cyprien amekuja. Prezida wa konsey mwenyewe, kwa mguu, bila polisi, barua yangu ikiwa imekunjwa mfukoni. Kabla ya uhuru tulikuwa watu saba wa kusoma pamoja, chumba cha nyuma cha fundi cherehani, vitabu vya kuazimana, taa moja. Mimi mwanamke peke yangu na Mwislamu peke yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akilala kabla ya ukurasa kuisha. Leo yeye prezida.

Akasifu barua. Akasema imemchekesha, halafu imemtia huzuni. Nikamwambia sikuandika ili kumburudisha. Akazungukazunguka, habari za Élise mke wake na miguu yake iliyovimba tangu mwaka jana, habari za mvua. Nikamkatiza. Ndipo akasema polepole, akitazama mlango:

"Mama Nassoro, chukua velo ya mutoto, lete hapa ku nyumba. Hata leo. Kama haiko kule, sina kitu ya kuandika."

Nikaelewa. Wakubwa wanataka kujua nani ameondoka. Aliyeondoka muda mrefu yuko msituni na waasi, ndivyo wanavyohesabu. Baiskeli inayotazama mto mwezi mzima ni ushahidi.

Lakini kuitoa pale, mimi kwa mkono wangu? Kijiji kizima kitakuja na mikeka, kukaa chini kunililia. Na Nassoro akishuka kwenye mtumbwi akute nguzo tupu, ajue mama yake alimzika.

Nilimwambia maneno makali. Mtumishi wa wazungu wasiokuwapo tena. Karani wa hofu. Aliinuka, akaacha barua yangu mezani, imenyooshwa vizuri.

Jumapili, 21 Juni

Ndoto. Watu wa kijiji wanavuka juu ya maji kwa baiskeli, taratibu, bila kunyunyiza hata tone. Kengele zinalia mbali mbali. Nassoro nyuma kabisa, ana umri wa miaka tisa, viatu vya shule mkononi. Ninataka kumwambia avae viatu.

Nimeamka na ladha ya chuma mdomoni. Siku nzima nimetembea kama bado niko kule.

Jumanne, 30 Juni

Uhuru, miaka minne. Bendera moja, spika mbovu. Mwaka ule wa sitini nilicheza mpaka kisigino kikapasuka. Nassoro alikuwa na ishirini, akinibeba begani mimi mama mtu mzima, watu wanacheka. Tulifikiri asubuhi itakuwa na rangi nyingine. Ilikuwa nayo, kweli, kama wiki mbili.

Kikao cha wakazi mchana, darasani, konsey mbele kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani. Nilizungumza dakika ishirini. Mbelgiji alitupigilia vibao vya namba kwenye baiskeli tukamchukia, nikasema. Nyinyi mnachukua namba zilezile mnatupanga mistari. Uzio mnaujengea baiskeli leo. Kesho?

Makofi. Sikujua naye akaomba kusema. Anauza samaki na kwanga, mikate ya muhogo, pale kivukoni tangu ujana, na mdomo wake hauna mlango. Akauliza kama na benchi lake litapelekwa uzioni, kwa sababu makalio yake yamekaa pale miaka kumi na moja bila ruhusa, na yenyewe yanaelekea mto. Darasa likavunjika mbavu. Hata Désiré, polisi wetu, alilazimika kutazama nje.

Cyprien alingoja kicheko kiishe. Akasema kila wiki watu wanatoka mjini kumuuliza nani hayupo. "Kama hakuna sheria yetu, batakuya kuhesabu bo benyewe. Na bo habatahesabu velo."

Nikasimama nikasema huo ni woga uliovaa tai. Makofi tena, lakini machache.

Usiku siandiki. Nimechoka na sauti yangu.

Jumatano, 15 Julai

Sijui niandikeje leo. Nianze na asubuhi.

Saa moja, natelemka kivukoni na kitenge changu cha kupangusia. Jua jipya, maji yametulia kama mafuta. Na baiskeli ya Nassoro — gurudumu barabarani!

Sikutazama nyingine. Hiyo moja tu. Sijui nilirudije nyumbani. Nikawasha moto. Mchele, kuku wa Sikujua niliyemchukua kwenye kamba yake bila kumuuliza, vitunguu. Nikatandika kitanda chake. Nikaimba! Sijaimba tangu lini. Dirisha wazi, moshi unatoka unakwenda mtoni, nami nikisema moyoni amekaa pale kwanza, anaogopa nitamgombeza, mwache akae. Nilikuwa tayari kumgombeza. Nilikuwa na maneno mazuri.

Kilio kilinigutusha. Kinatoka kwa Florentine, jirani wa chini. Halafu kilio kingine, mbali zaidi.

Ndipo nikatoka na kisu cha vitunguu mkononi. Baiskeli zote, zote zilizolala pale, zinatazama barabara. Mkubwa fulani kutoka mjini alitarajiwa kupita, na konsey ilitaka kumwonyesha jinsi sheria itakavyopendeza. Désiré na wenzake waliamka alfajiri wakazigeuza moja baada ya nyingine. Désiré si mtu wa hapa, ametoka Basoko mwaka huu tu, alifikiri anafanya usafi.

Mimi niliyesoma sheria ile mpaka nukta! Ibara ya tatu! Nikapika kuku.

Nusu ya wanawake waliweka sufuria, nusu walianza kulia. Mumewe Florentine alishuka kwenye mtumbwi saa sita, mzima, ana mkate kwapani, akakuta watu wamekaa kwenye mikeka yake. Akauliza nani amekufa. Shangazi yake alimpiga kofi kwanza, halafu akamkumbatia.

Mkubwa hakupita.

Jioni kila mwenye baiskeli alikuja kuirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Ikabaki ya Nassoro. Peke yake inatazama barabara. Sikujua, ambaye huniita yaya, dada mkubwa, aliketi nami chini, hakutaja kuku. Akasema:

"Yaya, weye njo mama yake. Mukono yako ni mukono yake."

Sikuweza. Kuigeuza mtoni ni kumfukuza tena. Kuiacha barabarani ni kusema amekufa, au amerudi. Nikaiacha.

Ijumaa, 17 Julai

Watu wananipa pole njiani, halafu wanakumbuka, wanageuza maneno. Mmoja akasema pole na jua.

Barua ya pili kwa konsey: kurasa mbili, hazina hata kichekesho kimoja.

Alhamisi, 23 Julai

Mto umejaa magugu, yanateremka visiwa visiwa, na ndege juu yake, kimya, kama vijiji vidogo vinavyohama. Niliwatazama mpaka macho yakalala yakiwa wazi. Nilifikiri juu ya vitabu. Mimi ndiye niliyemsomea Nassoro vile vijitabu, mimi niliyemwambia mtu anayeinama anazoea mgongo wake. Alikuwa akinisikiliza huku anatia mafuta mnyororo. Siku aliyovuka, Jumatatu ya Oktoba, aliniambia anakwenda kuuliza kazi kwenye ofisi ya reli. Mtu alimwona kwenye meli ya kuteremka. Basi.

Je, alikwenda kwa miguu yake au kwa maneno yangu?

Jumapili, 26 Julai

Wanasema mji wa Kindu umeanguka. Simba, wale waasi, wanakuja huku, vijana, majani kichwani, risasi haziwapati. Wengine wanacheka. Hawacheki sana.

Nimekuta baiskeli ya Nassoro inatazama mto.

Désiré alikuwa karibu, akanong'ona kwamba Prezida alikuja mwenyewe alfajiri, na suti, peke yake. Akaliinua gurudumu la mbele kama unavyoinua kichwa cha mgonjwa, akaigeuza, akapiga goti kusafisha mnyororo, akaondoka.

Kwa haki gani? Si ndugu, si mwenyewe. Mkono wa mtu aliyeweka muhuri! Nilikwenda mpaka mlangoni kwake nimekasirika kweli. Élise alifungua, ameshika ukuta, miguu imefungwa vitambaa. Akanikaribisha chai. Nikasema napita tu.

Sijui kama nimeshukuru au nimetukanwa. Vyote viwili vimekaa kifuani mahali pamoja.

Jumamosi, 1 Agosti

Leo sheria inaanza. Niliamka kabla ya adhana, nikateremka, nikakaa juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli ya Nassoro, miguu pande mbili, mwavuli mkononi. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa.

Walikuja saa mbili. Désiré, wawili wengine, mnyororo mrefu. Baadhi ya wakazi walibishana, wengine walisukuma baiskeli zao wenyewe wameinamisha vichwa. Moja moja zikaondoka. Kivuko kikawa kipana, uchi. Désiré akafika kwangu. Akatazama mwavuli.

"Mama, mi ni polisi tu."

Nikamwambia naye aniandikie faini ya kuegesha makalio. Akajikuna. Akaenda kwa Cyprien aliyesimama mbali, wakazungumza, akarudi, akapita kana kwamba mimi na baiskeli ni mti. Wakafunga uzio kwa kufuli.

Ushindi! Mbona haukuwa na ladha?

Nilipokuwa nikipanda nilimuuliza Désiré kuhusu karatasi ya ibara ya nne. Akasema ndiyo, Prezida ameandika majina, kumi na moja, wakubwa hawakungoja sheria ianze, yamevuka jana kwa bac, ile pantoni, ya mwisho. Nikauliza, Nassoro yumo? Akasema hajui. Hajui kusoma.

Jumatatu, 3 Agosti

Majina kumi na moja. Nimeyahesabu kwa vidole, vijana wote wa kijiji wasiokuwapo. Nafika kumi na mmoja pamoja na Nassoro. Halafu namkumbuka yule mtoto wa fundi viatu aliyehamia Yanonge, nafika kumi na wawili. Nassoro yuko ndani au yuko nje? Nahesabu tena.

Bac haikuvuka leo. Mji wa ng'ambo unaonekana kama picha iliyochorwa na mtu aliyeuota: nyumba nyeupe, minazi, hakuna mtu.

Jumanne, 4 Agosti

Risasi ng'ambo tangu mchana. Kutoka huku zinasikika kama mtu anayepasua maharagwe makavu. Moshi mmoja, mnyoofu.

Désiré ametoweka na ufunguo. Watu walingoja saa nzima mbele ya uzio, halafu waling'oa nguzo kwa mikono, kila mtu akachukua yake, mtoto mbele, godoro nyuma, wakashika njia ya Yanonge na ya msituni. Mitumbwi yote imeondoka. Sikujua ameacha benchi lake. Amenilazimisha kuchukua samaki wa kukaanga, akasema, yaya, kuku ule nimesamehe, lakini samaki hii utarudisha. Akalia, akaenda.

Kumebaki baiskeli moja kivukoni.

Mimi siondoki. Kama ni Simba, mwanangu yumo kati yao. Nasema hivyo kwa sauti, jikoni, na sauti inarudi.

Jumatano, 5 Agosti

Saa tatu asubuhi. Andika haraka.

Wako barazani, Cyprien na Élise. Amembeba mkewe mgongoni kutoka nyumbani kwao. Suti ileile, imechanika begani. Ng'ambo redio inasema mji umechukuliwa. Inasema pia wanatafutwa makarani, wanakonsey, wote waliotumikia serikali. Kila mtu anajua maana yake. Simba watavuka leo au kesho.

Hakunizungusha safari hii. Anataka baiskeli. Élise akae nyuma, yeye asukume, wafike Yanonge kwa dada yake. Kwa miguu hawafiki hata kwenye mto mdogo wa kwanza. Hata mikononi hawezi kumbeba, anasema, amejaribu.

Nilimuuliza kitu kimoja tu. Jina la mwanangu lilivuka kwenye ile karatasi?

Élise alimtazama mumewe, naye hajui, niliona hajui. Cyprien akasema:

"Nikisema lilivuka, hautanipa velo. Nikisema hapana, hautaniamini. Donc, nitasema nini, Mama Nassoro?"

Nilikuwa na majibu kumi. Maisha yangu yote nina majibu. Nimeingia ndani nikasema ninatafuta pampu.

Pampu iko mezani. Ilikuwa mezani tangu jana.

Kama aliandika, basi vijana wanaovuka leo watamtafuta kwa ajili ya hao kumi na mmoja, na Nassoro atakuwa na haki mbele yao. Kama hakuandika, alibeba woga wote ule peke yake, mbele ya watu wa mjini, na mimi nikimwita karani. Na baiskeli ikiondoka, mwanangu akishuka kivukoni asiione — atajua nini? Kwamba mama amekufa? Kwamba mama amempa adui?

Barazani Élise anakohoa kidogo, kama mgeni anayeogopa kusumbua. Nimechungulia dirishani. Cyprien ameteremka kivukoni kuisogeza baiskeli mpaka hapa, hajangoja nimjibu — hapana, hajaisogeza. Amechuchumaa kando yake, mikono magotini, haigusi. Anangoja.

Kile kiti cha nyuma ni chuma kitupu. Njia mbovu yote ile, na miguu ya yule mwanamke.

Nimechukua mto wa kitanda cha Nassoro. Bado una harufu ya mafuta ya nywele, au ninajidanganya. Nimevua foronya. Nimeivalisha tena. Kamba ya kuufungia kwenye kile kiti ipo nyuma ya mlango, na huko ng'ambo, sasa hivi, injini ya bac imeanza kuunguruma